Mkwe Ndani ya Kompyuta

Kwanza kilisikika kikohozi. Hakikuwa cha vumbi, wala cha ile baridi ya Juni inayowafanya watu wa Sumbawanga waende kanisani wamevaa makoti mawili. Kilikuwa kikohozi kikavu, chenye adabu, kilichopimwa kama dawa: khm, khm. Kilitoka nje ya uzio wa matete, kikanyamaza, kikasubiri.

Jikoni, mfuniko wa sufuria ukaanguka. Mlango ukavutwa. Halafu kikatoka kikohozi cha pili, chembamba, cha kike, kukijibu kile cha kwanza. Maana yake ilikuwa: nimeshajificha, pita.

Ndipo geti likafunguka, akaingia Shedrack, kichwa chini, kofia mkononi, akaambaa na ukuta kama mtu anayekwepa mvua ambayo hainyeshi, mpaka kwenye chumba chake cha uani.

Leonidas alikuwa barazani anakunywa uji wa ulezi, akacheka peke yake. Alikuwa akicheka hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Nyumba nyingine za mtaa wa Mazwi zilinunua ving'amuzi ili zione vichekesho; kwao vilikuja vyenyewe, bila hata antena.

Shedrack alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Angela. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia Rukwa na ng'ombe wao kabla hajazaliwa, wakaja na mila zao zote bila kusahau hata moja njiani. Katika ukoo wao, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani ana kwa ana. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatajani majina. Njia zao zikitaka kukutana, mmoja hukohoa na mwingine hupisha. Sasa mtu huyo huyo, wakati akisubiri kumaliza nyumba yake ambayo ilikuwa na kuta lakini haikuwa na bati, alikuwa akiishi kwenye ua wa mama mkwe wake. Kwao jambo hilo ni sawa na padri kupanga chumba nyuma ya kilabu cha pombe.

Mama mwenyewe, Mwalimu Emerensiana, alikuwa Mfipa wa kuzaliwa, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya akina mama parokiani. Mila hiyo hakuijua. Mwanzoni alichukia kabisa. Akauliza kwa nini mkwe wake anamkimbia kama mbwa aliyeiba nyama. Angela akamweleza kuwa hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kwamba mkwe anayekukodolea macho ndiye wa kuogopwa. Mama akafikiri, akaipenda. Aliipenda kama wanavyoipenda dini watu waliobatizwa ukubwani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mkali kuliko Wasukuma wote wa mkoa. Ndugu za Shedrack walipokuja kusalimia, yeye ndiye aliyewasahihisha.

Leonidas hakuwa na muda na mambo hayo. Alikuwa na duka la kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu jina lake na neno TEKNOLOJIA, kana kwamba viwili hivyo vilizaliwa mapacha. Mungu alimjalia mikono myepesi, macho makali na ulimi usiochoka. Kitu kimoja tu alisahau kumpa: tabia ya kuuliza.

Msiba ulianzia kwenye mvua. Shedrack alikuwa anarudi kutoka Matai kwa bodaboda, kompyuta yake ndani ya begi ambalo zipu yake ilikufa siku nyingi, na mvua isiyo ya msimu wake ikamkuta barabarani mahali pasipo na hata kibanda. Kompyuta ilikunywa maji mpaka ikashiba. Leonidas aliifungua, akaipuliza, akaianika juani, akaitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu, kisha akaifunga.

Lingekuwa jambo dogo kama si ule mtihani. Ofisi moja ya Matai ilikuwa inatafuta mtu wa kuangalia mitambo yake ya kompyuta, na mitambo hiyo ilikuwa ya Linux, mfumo mwingine usio Windows. Shedrack aliomba, akaitwa, akaambiwa atafanya mtihani wa vitendo kwa mtandao, akiwa popote, kwa kompyuta yake mwenyewe. Akipita, ana kazi. Akiwa na kazi, ile nyumba yake inapata bati. Ikipata bati, anatoka kwenye ua wa mama mkwe na kuanza kupumua kama watu wengine, bila kukohoa. Hayo ndiyo yote aliyokuwa anayataka duniani, na yote yalikuwa yamekalia kitu kimoja: kompyuta iliyo hai.

Nyumba nzima ilikuwa na kompyuta moja hai, ya mama.

Angela ndiye aliyepeleka ombi. Mama akajibu kuwa chombo ni chombo, hata jembe huazimwa. Kijana aitumie asubuhi yeye akiwa shuleni. Ila nyimbo zake zisiguswe. Alikuwa akiandika noti za kwaya kwa programu moja ya zamani ambayo haikubali kuishi popote isipokuwa kwenye Windows, na alikuwa katikati ya wimbo mpya wa jubilei ya parokia ya Kaengesa, ambako kwaya za uwanda wote zingekutana kutazamana kwa upendo wa Kikristo na kijicho.

Basi mama anahitaji Windows, mkwe anahitaji Linux, na mashine ni moja. Shemeji hao wawili wakakaa barazani kulijadili. Kusema kweli mmoja alijadili, mwingine alisikiliza.

Shedrack alitaka ile njia ambayo mafundi huiita dual boot. Unaikata diski vipande viwili, kila mfumo unakaa kwenye kipande chake, na unapowasha unachagua unayemwamsha. Mmoja akiwa macho, mwenzake amelala fofofo, hawaonani, hawasikiani.

"Naomba kipande tu, shemeji," alisema. "Hata kidogo. Nikiwasha niwe kwangu, nikizima niwe nimeondoka."

Leonidas alimtazama kwa huruma ambayo mtu humtazamia mgeni aliyeshika kisu kwa upande wa makali. Akamwambia kuwa hiyo ni teknolojia ya mababu. Kukata diski yenye mali ya mtu ni kama kugawa shamba ambalo matuta yake yameshafukiwa majani ya mbolea: hujui jembe litafukua nini. Na kwa nini mtu azime na kuwasha, azime na kuwasha, kama mtoto anayechezea swichi? Yeye, kwenye ukuta wa duka lake, alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa HAPA HATUKATI DISKI, na watu wa stendi waliiheshimu ingawa hakuna aliyejua inazungumzia nini.

Njia ya watu walioendelea, akaendelea, ni mashine bandia. Unaweka programu moja ndani ya Windows ya mama. Programu hiyo inajifanya kompyuta nzima. Ndani yake unasimika Linux, na Linux yenyewe haijui kwamba imo ndani ya kitu kingine. Hakuna diski inayokatwa, hakuna wimbo unaoguswa. Windows ni mwenyeji, Linux ni mgeni. Hata vitabu vya ufundi vinawaita hivyo.

"Mgeni ndani ya nyumba ya mama?" Shedrack aliuliza polepole.

"Ndani kabisa. Anakula RAM ya mama, yaani kumbukumbu ya mashine, anatumia mtandao wa mama, anakaa kwenye kioo cha mama. Wote wako macho kwa wakati mmoja. Raha iliyoje."

Shedrack alitazama kofia yake. "Mimi siwezi kuingia mle, shemeji."

"Utaenea. Nimeshaangalia nafasi."

Shedrack aliivaa kofia, akaivua. Mtu wa kwao habishani na upande wa mkewe, na hasa habishani akiwa anaishi kwenye ua wao na kula ugali wao. Akasema sawa, kwa sauti ambayo mtu mwingine yeyote angeisikia inavyosema hapana. Leonidas alisikia sawa.

Kazi aliifanya siku iliyofuata, Ijumaa, mama akiwa shuleni, na aliifanya kwa mapenzi yote. Hilo lazima lisemwe, maana wabaya wengi duniani hawana hata sifa hiyo. Ile mashine bandia akaipa jina la SHEDRACK kwa herufi kubwa. Akaona shemeji yake ni mtu wa haya, atasumbuka kuitafuta kila asubuhi. Basi akaipanga iwe inajifungua yenyewe mara tu kompyuta inapowaka, na ijaze kioo chote. Kisha akaona ukurasa wake umekaa kiyatima, hauna picha. Mtu akae ugenini bila hata picha yake? Akaomba simu ya Angela kwa kisingizio cha kuongeza salio, akachagua moja aliyoiona inampendeza: ile ya fungate, Kasanga, Shedrack akitoka ziwani, kifua wazi, kaptula fupi ya buluu imelowa na kumganda, amecheka mpaka jino la mwisho.

Akaikuza ienee kioo chote. Alijivunia sana. Hakusema chochote, maana alitaka iwe zawadi ya kushtukiza, na jioni hiyo hakuna aliyeiwasha kompyuta.

Ikashtukiza.

Jumamosi mchana kwaya ya akina mama ilikutana kwenye ukumbi wa parokia kujifunza ule wimbo wa jubilei. Mama aliona kuandika noti ubaoni ni kuchosha mkono. Akamwomba mwanawe alete projekta, aunge kompyuta, wimbo utokee kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Leonidas alikuja amevaa shati la Jumapili. Akaunganisha nyaya mbele ya wanawake wale wote, akasogeza projekta huku na huku kuliko ilivyohitajika, akatangaza kuwa sasa watashuhudia kompyuta ikifanya kazi. Mama akakaa mbele, fimbo ya kuongozea mkononi. Akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuwashia.

Windows iliamka. Kabla mama hajagusa kitu, kioo kikawa cheusi. Herufi ndogo nyeupe zikaanza kushuka mbio kama siafu. Mama Gaudiosa, mwenye sauti ya kwanza na simu kubwa kuliko wote, akauliza kama hizo ndizo noti, maana zilikuwa ngumu. Leonidas alianza kuhisi jasho likimtembea kwapani. Alijua anayekuja.

Kisha shuka lote likang'aa, na pale ukutani akasimama Shedrack.

Alikuwa mkubwa kuliko sanamu ya mtakatifu somo wa parokia. Maji yalimchuruzika kifuani. Kaptula ilisema ukweli wote. Juu ya kichwa chake kulikuwa na maandishi: KARIBU, SHEDRACK.

Mwalimu Emerensiana alijifunika kichwa kwa kitenge, akaupa ukuta mgongo, na kwa kuwa alikuwa mfuasi mwaminifu wa mila, akafanya lile alilolijua. Alikohoa.

Picha haikupisha.

Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Shedrack aliendelea kumchekea mgongo wake.

Hapo sauti ya kwanza ikaangua kicheko, ya pili ikapokea, na inasemekana hawajawahi kupatana vizuri namna ile tangu kwaya ianzishwe. Leonidas aliruka kwenye kompyuta. Lakini mashine bandia zina ujanja wake: ukibonyeza ndani yake, kipanya kinanaswa huko huko, hakitoki mpaka ubonyeze kitufe maalumu, na kitufe hicho Leonidas alikijua kama anavyolijua jina lake, ila wakati huo alikuwa amelisahau hata jina lake. Kila alipobonyeza, kitu kipya kilifunguka pembeni mwa shemeji yake. Mama Gaudiosa alikuwa ameshainua simu. Mwishowe fundi wa teknolojia akafanya ambalo mtoto yeyote angelifanya: akachomoa waya wa projekta ukutani.

Mama alifunga kompyuta, akaiweka kwenye mkoba, akaenda nayo nyumbani kwa miguu na kuifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Wimbo wa jubilei siku hiyo haukuimbwa.

Habari za Mazwi hazisubiri bodaboda. Shedrack alipofika jioni, hakuna kikohozi kilichosikika. Alisimama nje ya uzio, akamwita Angela kwa simu, akaletewa begi la nguo getini, akaondoka kwenda kwa baba yake mdogo, mzee Luhende, anayefuga ng'ombe nje ya mji. Alisema hawezi kupita kwenye ua wa mama aliyemwona katika hali ile. Mtihani ulikuwa wa katikati ya wiki, na kati yake na kompyuta kulikuwa na kabati, ufunguo, na kifua cha mama mkwe.

Angela hakumgombeza kaka yake. Alimtengea ugali bila mboga, akakaa mkabala naye kumtazama anavyoula.

"Tumia akili yako kama kitoweo," akamwambia. "Si unayo nyingi?"

Jumapili baada ya misa, Leonidas alikwenda kwa mzee Luhende. Njiani alikuwa ametayarisha maelezo marefu kuhusu mwenyeji na mgeni, na aliyatoa yote, huku ng'ombe wakimsikiliza kwa makini kuliko watu. Mzee alimwacha amalize, akaomba kwanza aonyeshwe picha, ili ajue ukubwa wa kosa. Akaitazama kwa muda, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akatoa hukumu: kaptula ingefunika magoti, kuku angetosha; kwa kuwa haikufunika, ni mbuzi kwa mama mkwe. Sheria hiyo hakuna Msukuma mwingine aliyewahi kuisikia, lakini mzee aliitamka kwa uso mkavu hivi kwamba Leonidas hakuthubutu kuomba rufaa. Leonidas akauliza mbuzi atatolewa na nani. Na aliyempeleka mtu pale bila kumuuliza, akasema mzee, akarudi kwa ng'ombe wake.

Shedrack alikuwa amekaa kwenye kigogo, anasafisha viatu ambavyo vilikuwa safi.

"Nilikwambia siwezi kuingia mle," alisema.

"Nilidhani unazungumzia RAM."

"Najua ulivyodhani. Wewe ukisikia mtu anasema nyumba, unasikia RAM. Ukisikia mama, unasikia RAM." Hakupandisha sauti. "Shemeji, mimi nilichagua kukatiwa kipande si kwa sababu sijui hiyo mashine yako bandia. Naijua. Nilitaka mama akiwa macho mimi niwe sipo kabisa, na mimi nikiwa macho yeye awe hayupo. Mahali pengine pote ningekubali kuwa mgeni. Mle, hapana."

Leonidas alitafuta jibu. Lilikuwapo, lilikuwa zuri, lilikuwa na maneno ya kitaalamu matatu. Akalimeza. Ulikuwa mlo mgumu kuliko ule ugali.

Mbuzi alipatikana Jumatatu. Leonidas alimleta kwa bodaboda, amempakata mapajani mbele ya stendi nzima, chini ya macho ya wateja wake wote, na mbuzi alikuwa na kikohozi. Walipomfunga uani, alikohoa, na mama akakimbilia jikoni na kufunga mlango. Baada ya muda akachungulia, akamwona mpigaji hodi, akatoka anajipangusa unga kwa hasira.

"Sasa umeniletea na huyu," alisema.

Leonidas akapiga magoti. Hakuwa amepiga magoti mbele ya mama yake tangu kipaimara. Akaomba ufunguo wa kabati, akasema kosa ni lake, Shedrack hakujua habari ya picha wala ya kujifungua yenyewe, na mtihani ni keshokutwa, na bila kompyuta kijana atabaki bila kazi na nyumba bila bati.

Mama alichambua maharage mpaka magoti ya Leonidas yakaanza kuuma.

"Mimi sina ugomvi na mwenzake Angela," alisema mwishowe. "Hakuja mwenyewe, aliletwa. Nilipomwona ukutani vile nilijua ni mkono wako, maana yeye hata kivuli chake hukipitisha pembeni. Kompyuta nitampa. Lakini nisikie vizuri. Asikae ndani ya kwangu. Awe na kwake. Nikiwasha mimi, nikute nyimbo zangu, nisione mlango wake, nisisome jina lake, nisijue hata kama yupo. Akiwasha yeye, asione langu. Vyombo vyenu vinaweza hilo, au vinaweza picha tu?"

Leonidas alifumba macho. Mama yake, ambaye hajawahi kuusikia ule msamiati, alikuwa amemwagiza kwa ukamilifu ile teknolojia ya mababu.

"Vinaweza, mama."

"Basi mbona ulijitesa?"

Siku hiyo alikwenda dukani, akabandua karatasi ya HAPA HATUKATI DISKI, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa nyuma. Muuza karanga wa jirani alimuuliza kama sasa wanakata. Akajibu kwamba wanakata kwa makubaliano.

Kwanza alizinakili nyimbo zote za mama kwenye flashi, na flashi akamkabidhi mama mwenyewe, akaiweka pale pale ufunguo ulipokuwa. Akaifuta ile mashine bandia, mgeni na mizigo yake yote. Kisha akaikata diski. Aliikata polepole, akiwa ameshika pumzi, kama mtu anayemnyoa paroko. Linux ikapewa kipande chake mwishoni kabisa mwa diski, na orodha ile ya kuchagua mfumo, ambayo kwa kawaida hujitokeza na majina yote mawili kila unapowasha, akaificha. Mama akiwasha, Windows ingekuja moja kwa moja kama ilivyokuwa siku zote. Shedrack akitaka kuingia, ingebidi abonyeze kitufe kimoja cha pembeni, mara mbili, haraka, kabla mwenye nyumba hajaamka. Leonidas alipoijaribu, akasikia vidole vyake vikigonga, tap, tap, na akakumbuka ile khm, khm ya nje ya uzio. Hakucheka.

Shedrack alirudi Jumanne jioni. Alikohoa nje ya uzio. Kutoka jikoni hakukuja jibu. Ni mbuzi ndiye aliyejibu. Angela akamfungulia, akaambaa na ukuta, akaingia chumbani kwake. Akaonyeshwa kitufe. Akakibonyeza mara mbili, Linux ikaja, ukurasa mtupu wa kijivu, hauna picha ya mtu yeyote. Akakaa anautazama ukurasa huo wa kijivu kama watu wanavyotazama ziwa.

"Ni nyepesi," alisema. Na kweli ilikuwa. Ile mashine bandia, kwa RAM ndogo ya mama, ilikuwa inapanda kama lori la mahindi mlimani. Hii sasa ilikuwa na kompyuta yote kwa ajili yake peke yake. Shedrack hakusema alilijua hilo tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima nyingine huuma kuliko matusi.

Asubuhi ya mtihani, shule zilikuwa zimeshafungwa kwa likizo, na mama alikuwa nyumbani. Hakuna aliyemwomba kitu. Alipeleka kigoda jikoni, akavuta mlango, akakaa humo asubuhi nzima na daftari la noti mapajani, akiandika wimbo wa jubilei kwa penseli kama zamani, ili ua uwe wazi na kijana asiwe na wasiwasi wa kutoka wala kuingia. Moto hakuukoka, moshi usije ukamfuata mtu kwenye mtihani. Baridi ilikuwa kali. Alijifunika shuka la kitandani juu ya koti. Leonidas alisimama kati ya milango hiyo miwili akimzuia mbuzi asikohoe, kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Alimpa majani, akampa maganda ya viazi, akampa na ile karatasi ya HAPA HATUKATI DISKI. Mbuzi aliila yote.

Muda ulikwenda. Vidole vya Shedrack vilisikika chumbani vikigonga, vikisimama, vikigonga. Kisha vikasimama moja kwa moja.

Angela alitoka kwanza. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Akasema kwamba imeandika pale pale kuwa amepita, afike Matai Jumatatu na vyeti vyake.

Baada yake, kutoka chumbani, kikasikika kikohozi. Hakikuwa kikavu. Kilikuwa kimelowa, kimekatika katikati, kikaanza upya.

Leonidas aliugeukia mlango wa jikoni. Ndipo kikohozi cha mama kikatoka, chembamba, kirefu kidogo kuliko kawaida, na kikafuatwa na sauti ya kiberiti kikiwashwa.

"Leonidas," mama aliita kutoka ndani.

"Naam, mama."

"Yule mgeni wako wa Jumamosi yuko wapi?"

"Nimemfuta, mama. Hayupo tena kwenye kompyuta."

"Na kwenye simu ya mama Gaudiosa?"

Leonidas akamtazama Angela. Angela akatazama mawingu. Picha ilikuwa imeshapita kwenye kundi la kwaya, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na kwa kuwa kwaya zote za uwanda zilikuwa zinatumiana ratiba ya jubilei, ilikuwa imefika Kaengesa ikiwa na salamu, na yawezekana Matai ikiwa njiani. Mbuzi, aliyekuwa amemaliza karatasi, alikohoa. Mama hakukimbia, maana tayari alikuwa jikoni.

Leonidas akasogea mpaka kwenye mlango ule uliofungwa. Akasimama wima, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hata Shedrack chumbani aliisikia vizuri:

"Mama, nakuahidi, mbele ya Angela na mbele ya mbuzi huyu. Nitapita nyumba kwa nyumba, simu kwa simu, kuanzia kwa mama Gaudiosa mpaka kwa mwimbaji wa mwisho wa Kaengesa, niifute yote kwa mkono wangu. Na kila mlango nitakaoufikia, nitakohoa kwanza."